Saini ya Mzazi na Sauti ya Mtoto



Tumekusanyika kutafakari swali linaloulizwa mara nyingi mlangoni mwa zahanati: kijana huanza lini kujiamulia mambo ya afya yake? Wengine husema, "Mtoto ni mtoto mpaka aoe au aolewe." Wengine hulalamika, "Siku hizi watoto wana haki, mzazi hana neno tena." Kauli zote mbili zina upungufu, na upungufu huo waweza kugharimu uhai wa mtu.

Tuanze na sheria ya nchi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa mtoto. Ndiyo maana, kabla ya matibabu makubwa kama upasuaji, hospitali huomba ridhaa ya mzazi au mlezi. Lakini sheria hiyo haikuishia hapo. Inamtwika mzazi wajibu wa kumpatia mtoto matibabu na chanjo, na inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto huduma hizo. Tena inatamka kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake asizuiwe kuyatoa, asikilizwe, na ashirikishwe katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Kwa hiyo, kijana wa miaka 14 ambaye bado hawezi kutia saini ana haki ya kuelezwa ugonjwa wake na kuulizwa anaonaje.

Liko jambo moja ambalo sheria imeliwekea umri wake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilitaka mtoto apimwe virusi baada ya mzazi au mlezi anayetambulika kuridhia kwa maandishi. Mwezi Novemba 2019 Bunge liliibadili. Tangu hapo, kijana aliyetimiza miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa na mhudumu wa afya. Kujipima mwenyewe kumeachiwa waliofikisha miaka 18.

Sisi wa Mkoa wa Kagera tunaelewa uzito wa badiliko hilo kuliko wengi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu mwaka 1983. Miaka iliyofuata tuliwazika akina baba na akina mama, na wajukuu wakabaki mikononi mwa mabibi. Tena mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Wilaya yetu ya Ngara. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliopotezana na wazazi wao. Watoto wa namna hiyo walipougua, nani angewatilia saini?

Tumfikirie binti yatima wa miaka 16, anayelelewa na bibi asiyejua kusoma. Binti ana wasiwasi juu ya afya yake. Chini ya sheria ya zamani, ilimpasa kwanza apate maandishi ya mlezi. Je, bibi anatambulika kuwa mlezi? Baba mdogo aliyeko mjini atakubali kuja? Wakati watu wazima wanaulizana, ugonjwa hausubiri. Leo binti huyo anaweza kwenda kupimwa kwa ridhaa yake, na majibu yake ni siri ambayo mhudumu hana ruhusa ya kuitangaza.

Je, mzazi amenyang'anywa mamlaka yake? Hapana. Saini ya mzazi si hati ya kummiliki mtoto kama tunavyomiliki shamba. Ni alama ya wajibu: kwamba yupo mtu mzima aliyeelezwa, akaelewa, na yu tayari kusimama pamoja na mgonjwa. Tazama wenzetu wa Afrika ya Kusini. Sheria yao ya Watoto ya mwaka 2005 inamruhusu mtoto aliyepita miaka 12, mwenye upeo wa kutosha kuelewa, kuridhia matibabu. Lakini kwa upasuaji, inataka mzazi au mlezi amsaidie katika ridhaa hiyo. Kwao, kukua kwa mtoto hakufuti uwepo wa mzazi.

Nasi tunakumbuka kwamba Yesu alikuwa na miaka 12 alipoketi hekaluni kati ya walimu, nao wakamsikiliza. Kisha alirudi Nazareti na wazazi wake, akawatii. Kusikilizwa na kutii havikupingana.

Basi, tunawasihi mambo matatu. Wazazi, mpelekeni mtoto kwenye matibabu mapema, na mwacheni aseme mwenyewe panapomuuma. Vijana, msitumie haki ya kupimwa kama njia ya kujificha. Tafuteni mtu mzima mwaminifu wa kuwasindikiza, kwa maana kipimo ni siku moja, lakini dawa ni za kila siku. Nanyi majirani, mkiona mtoto ananyimwa matibabu, msiseme, "Hayo ni ya nyumba yao." Sheria ya Mtoto inamwajibisha kila mwanajamii kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, na mwombeni awafikishe kwa ofisa ustawi wa jamii.

Tukirudi katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, tujiulize: katika jumuiya yetu, ni mtoto gani ambaye akiugua usiku wa leo hana mtu wa kumtilia saini? Na je, ni nani kati yetu aliye tayari kwenda naye?