Fundi wa Kunasa Sauti na Kazi Yake



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo matunda yake mwayapata kila siku, walakini ni wachache kati yenu waliopata kumwona aifanyaye. Kila wimbo usikiwao katika redio, kila kasida, kila kwaya, kila hadithi isomwayo na mtu asiyeonekana, imepita mikononi mwa mtu mmoja aketiye nyuma ya kioo, masikio yake yamefunikwa kwa hedifoni. Mtu huyo ndiye fundi mitambo wa studio. Mwimbaji husifiwa, na mpiga gitaa husifiwa. Fundi hatajwi, na kutotajwa huko ndiyo dalili ya kuwa kazi yake imekwenda vema; maana msikilizaji akianza kuuliza habari za fundi, yamkini kuna jambo limeharibika.

Sisi tusemao nanyi twaifanya kazi hii Kibamba, magharibi ya jiji la Dar es Salaam, kando ya njia kuu iendayo Morogoro. Studio yetu ni vyumba viwili tu: kimoja cha waimbaji, kimoja cha mitambo. Magari makubwa ya mizigo yaendayo bara hupita mchana na usiku. Jirani yetu mmoja achomelea vyuma, mwingine afuga kuku. Mvua za masika zikinyesha juu ya bati, hata mtu na mwenziwe hawasikilizani. Kwa watu wengine hizo ni sauti za maisha tu. Kwetu sisi ni wageni wasioalikwa. Sikio la mwanadamu lina hekima: ukizungumza na rafiki katikati ya soko, sikio hulichagua neno lake na kuuacha ukelele. Maikrofoni haina hekima hiyo. Hukipokea chote kilichopo, neno na ukelele, kwa usawa.

Kwa hiyo, tukiulizwa fundi wa kunasa sauti afanya nini, jibu letu ni hili: sehemu kubwa ya kazi yake hutendeka kabla ya kubonyeza kitufe chochote. Sauti isiyonaswa vema mwanzoni, hapana mtambo duniani uwezao kuirudishia uzima wake wote. Twataka kuwaeleza sababu.

Kwanza yafaa tukumbuke ya kuwa kazi hii si changa katika pwani yetu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, alivuka bahari mwaka 1928 hadi Bombay pamoja na wapiga ala wake, ili nyimbo zao zinaswe katika santuri za kampuni ya His Master's Voice. Siku zile sauti ilichongwa katika sahani ya nta, na upande mmoja wa santuri ulichukua dakika kama tatu tu. Nta ile haikuweza kusikilizwa papo hapo bila kuharibika, wala kosa halikuweza kufutwa. Mwimbaji akikohoa, au fundi akikosea kipimo, hapana budi kuanza upya juu ya nta nyingine. Siti alifariki mwaka 1950. Sisi tuliozaliwa baadaye hatukupata kumsikia akiimba barazani. Tulicho nacho cha sauti yake ni kile mafundi walichowahi kukinasa.

Baadaye zikaja tepu, na redio zetu wenyewe. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na tangu mwaka 1965 chombo hicho kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika studio yake bendi kama NUTA Jazz na Mlimani Park zilinasa nyimbo zao, bendi ikipiga kwa pamoja. Katika miaka ya 1990 wakatokea mafundi kama Master J na P-Funk Majani, ambao studio zao ziliulea muziki wa vijana uitwao Bongo Fleva. Leo kijana wa Kibamba hana haja ya kupanda meli. Kompyuta moja, maikrofoni moja na chumba kimoja vyamtosha kuanza. Walakini vitu hivyo havimfanyi mtu kuwa fundi, kama vile jembe lisivyomfanya mtu kuwa mkulima.

Basi na tutazame kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni chumba. Vijana wengi hudhani ya kuwa wakibandika trei za mayai ukutani wamekwisha kuizuia kelele ya barabara. Sivyo. Trei na magodoro ya sponji hupunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, lakini haviizuii sauti itokayo nje, kwa kuwa ni vyepesi. Sauti huzuiwa na vitu viwili: uzito na kuziba. Ukuta mnene wa tofali huizuia, na mlango mzito wa mbao huizuia, lakini tundu la ufunguo lililoachwa wazi hupitisha kelele kuliko mtu adhaniavyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza ya kuwa hata ukijenga ukuta, usipoziba ufa umefanya kazi bure. Studio yetu tuliweka milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na nafasi ya hewa katikati, tukaziba kila ufa kwa mpira. Na juu ya bati tulitia dari nzito. Hata hivyo masika yakija twanasa usiku, mvua ipumzikapo.

Mwangwi nao ni jambo la pili. Ingia katika chumba kitupu upige kofi moja. Sauti husafiri kama mita 340 katika sekunde moja, hugonga ukuta, hurudi, hugonga ukuta wa pili, na sikio lasikia mlio kama wa kopo. Mlio huo ukiingia katika wimbo hautoki tena. Kwa hiyo fundi hutundika mapazia mazito na blanketi, huweka zulia chini, hupanga rafu za vitabu, hata kofi likilia likome palepale. Asilimalize lote, maana chumba kisicho na mwangwi hata kidogo humfanya mwimbaji ajisikie kama aimbaye kaburini, naye hupoteza moyo.

La tatu ni mahali pa maikrofoni. Mwimbaji akirudi nyuma mara mbili ya umbali aliokuwa nao, nguvu ya sauti yake ifikayo katika maikrofoni hupungua nusu, ilhali kelele ya chumba haipungui. Akikaribia mno, herufi P na B hupiga kama upepo, na sauti hujaa uzito usio wake. Sisi huanza kwa umbali wa shubiri moja, kisha twasikiliza, twasogeza kwa vidole viwili, twasikiliza tena. Kwaya ikija na maikrofoni mbili zikatumika, twahakikisha ya kuwa umbali baina ya maikrofoni hizo ni mara tatu ya umbali wa kila moja kutoka kwa waimbaji wake. La sivyo sauti moja huingia kwa njia mbili zilizopishana, na mitetemo yake hupunguzana, wimbo ukasikika mwembamba kana kwamba umetobolewa.

La nne ni kipimo cha nguvu, na hapa tutawasimulia habari iliyotupata wenyewe, ingawa si ya kujivunia.

Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, kijana mmoja alimleta bibi yake kutoka upande wa Kisarawe. Bibi alikuwa Mzaramo, mwenye miaka mingi, na alizijua nyimbo za kubembelezea watoto na za kutwangia ambazo watoto wa siku hizi hawazijui. Tulimwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitikia, "Marahaba, wanangu," akaketi mbele ya maikrofoni, amekunja mikono kama mtu aliyeitwa barazani. Tukamwomba ajaribu kidogo. Akaimba kwa sauti ndogo, kwa haya. Tukaweka kipimo kwa sauti hiyo ndogo, tukaanza.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vema, na wa pili pia. Katika wa tatu, haya zikamtoka. Akapiga makofi, akainua sauti kama aliyekuwa uwanjani na wenziwe miaka sitini nyuma. Sisi, badala ya kutazama kipimo, tulimtazama yeye, maana ilikuwa furaha kumtazama. Alipomaliza akauliza, "Imeingia, wanangu?" Tukamjibu, "Imeingia, Bibi."

Haikuingia. Jioni tulipousikiliza wimbo ule, kila aliponyanyua sauti palikuwa na mkwaruzo kama wa kitambaa kipasukacho. Twaomba mfahamu sababu yake. Mtambo wa kunasa ni kama pishi ya kupimia nafaka: ijaapo pomoni, kinachozidi humwagika, nacho hakijulikani tena kilikuwa kiasi gani. Kompyuta huipima sauti mara 44,100 au zaidi katika kila sekunde, na kila mara huandika namba. Sauti ikipita namba iliyo kubwa kuliko zote, kompyuta huandika namba ileile moja tu, na kilele cha mtetemo hukatwa kama mti uliokatwa kichwa. Yako maarifa ya kupunguza ubaya wake, lakini kilichokatwa hakirudi; fundi hukisia tu.

Tulimpelekea kijana habari, tukamwomba amlete Bibi tena. Akasema Bibi ana homa, tungoje. Tukangoja. Kabla ya masika kwisha Bibi alifariki. Nyimbo mbili ziko nzima, na wajukuu wake huzisikiliza. Wa tatu, uliokuwa bora kuliko zote, umechanika, nao huusikiliza hivyo hivyo.

Tangu siku ile tuna sheria mbili. Ya kwanza, hatumwombi mwimbaji ajaribu kidogo. Twamwomba aimbe mahali pa nguvu kuliko pote katika wimbo wake, kisha twaacha nafasi ya desibeli kumi au kumi na mbili juu ya hapo, kama mpishi aachavyo nafasi chunguni kwa ajili ya kuchemka. Ya pili, mtu akituuliza, "Imeingia?" hatujibu mpaka tumesikiliza kutoka mwanzo hata mwisho, yeye akiwa bado ameketi.

Baada ya kunasa huja kazi ya kuchanganya, ambayo vijana huipenda zaidi. Hapo fundi hupima ngoma isilifunike neno, na gitaa lisigombane na sauti ya mwimbaji. Sikio la mtu mwenye afya husikia mitetemo tangu kama 20 hata kama 20,000 katika sekunde, na kila ala ina mahali pake katika ngazi hiyo. Fundi mwema huwapatia wote nafasi, kama mwenye nyumba awapangaye wageni mkekani. Tena hasikilizi kwa nguvu mno, kwa kuwa sikio lililochoka hudanganya, na sikio lililoharibika haliponi. Yampasa kupumzika, kutoka nje, kisha kurudi na kuusikiliza wimbo katika spika kubwa, na katika redio ndogo kama ile ya muuza chipsi, maana huko ndiko utakakosikilizwa.

Mwisho ni kuhifadhi. Tepu za zamani huliwa na joto na unyevu wa pwani. Diski za leo hufa kwa siku moja bila kutoa taarifa. Kwa hiyo kila kilichonaswa hukaa nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na nakala moja hulala nyumba nyingine, ili moto au mwizi asichukue zote. Kila nakala yaandikwa jina la mwimbaji, jina la wimbo, mahali na tarehe. Sauti isiyo na jina ni kama barua isiyo na anwani.

Wasikilizaji wetu, si lazima kila mmoja wenu awe fundi. Lakini wengi wenu mna simu yenye uwezo wa kunasa sauti, na wengi mna wazee nyumbani. Mkitaka kunasa sauti zao, fanyeni hivi. Chagueni chumba chenye kitanda, mapazia na nguo, kwa kuwa vitu hivyo hunywa mwangwi. Zimeni redio na feni, na simu yenyewe muifungie isipigiwe. Iwekeni juu ya nguo iliyokunjwa, wala si juu ya meza tupu, umbali wa shubiri mbili kutoka kinywani mwa mzee. Mwacheni aseme mwanzoni jina lake, mahali alipozaliwa, na siku yenyewe. Msimkatize. Akimaliza, sikilizeni yote mbele yake, kisha siku hiyohiyo fanyeni nakala.

Wala msingoje siku iliyo bora. Mashine ni nyingi siku hizi, na bei zake hupungua, wazee hawaongezeki. Nasi tulio Kibamba, kila tufungapo milango yetu miwili na kelele ya barabara ikafifia, twamkumbuka Bibi yule na swali lake.

Kwa leo twakomea hapa. Kwaherini.