Kumwombea Usiyejua Kama Yu Hai: Imani na Tumaini Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Mada kwa semina ya makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo

Maana ya imani na tumaini haihitaji kurasa nyingi hapa. Kila katekista amekwisha kufundisha sura ya 11 ya Waraka kwa Waebrania, na vita vya Cabo Delgado anavijua kuliko mtoa mada. Oktoba 5, 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa. Mwaka 2020 misheni ya Nangololo, iliyoanzishwa mwaka 1924, iliharibiwa. Machi 24, 2021 ikawa zamu ya Palma. Ilifika wakati watu waliohama makwao wakakaribia milioni moja.

Kanisa la Msumbiji limewahi kuishi bila majengo. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 serikali ilitaifisha shule na hospitali za misheni, na mwaka 1977 mkutano wa kichungaji wa taifa uliofanyika Beira ukaamua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogondogo. Ndiyo maana ibada ya Jumapili katika kambi za waliohama haikomi padri asipofika. Ukuta uliobomoka, basi, si msiba mkubwa kuliko yote.

Msiba mkubwa ni wasioonekana.

Shirika la Human Rights Watch liliripoti mwishoni mwa mwaka 2021 kwamba wanawake na wasichana zaidi ya 600 walikuwa wametekwa tangu 2018. Baadhi walirudi, wengine hawajarudi. Wapo pia waume waliokimbilia porini wakapotea huko. Mama wa msichana aliyetekwa afanye nini? Akimwombea kama marehemu, anajiona amemzika mwanawe kwa mkono wake. Asipomwombea hivyo, matanga hayaanuliwi, mwaka wa kwanza hata wa tano. Wanaomwambia avumilie tu wana nia njema, lakini wanamfunga kinywa, na mtu aliyefungwa kinywa hasali.

Mke wa mume aliyepotea ana mzigo wa ziada. Kanuni ya 1707 ya Sheria za Kanisa inasema kutoonekana tu, hata kwa muda mrefu, hakutoshi kuthibitisha kifo. Askofu hutoa tamko baada ya uchunguzi, na uchunguzi unahitaji mashahidi. Mashahidi wa kijiji kimoja cha Muidumbe leo wametawanyika Pemba, Metuge, Montepuez na Nampula. Mada hii haimlaumu yeyote, na kanuni yenyewe inalinda ndoa. Hata hivyo, mwanamke kuishi miaka akiwa si mke wala si mjane, kwa sababu hakuna aliyeandika nani alimwona mumewe mara ya mwisho, ni jambo lisilokubalika.

Agosti 2020 masista wawili wa Shirika la Mtakatifu Yosefu wa Chambéry walitekwa Mocímboa da Praia. Majina yao yalijulikana, waamini wa nchi nyingi wakawaombea, na Septemba 6 wakawa huru. Msichana wa kijijini naye ana jina. Halisomwi popote.

Kwa hiyo inapendekezwa kila jumuiya ifungue daftari la wasioonekana: jina, kijiji, siku na mahali alipoonekana mara ya mwisho, na nani alimwona. Daftari litunzwe na parokia, lisipigwe picha kwa simu, maana majina hayo yanaweza kuhatarisha watu. Majina ya Waislamu yaandikwe pia familia zao zikiridhia. Wamwani wa pwani wamepoteza ndugu kama Wamakonde walivyopoteza. Kila mwezi iwepo sala ya wasioonekana, iliyo tofauti na sala ya marehemu. Makatekista, ambao wengi wao nao ni wahamaji waliofiwa, wafundishwe kusikiliza kilio bila kukikatiza, na wapewe nauli ya kuwafuata mashahidi. Jimbo liteue mtu mmoja wa kushughulikia mashauri ya waume na wake waliopotea. Na, kwa kurudia, mashahidi waandikwe sasa, kwa kuwa wazee wanakufa makambini na ushuhuda wao.

Madaftari yafunguliwe kabla ya Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu wote, ili siku hiyo wasioonekana nao wasomwe, kila mmoja kwa jina lake, katika orodha isiyo ya wafu.