Homa ya Ini: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Tingi, Kilwa

Homa ya ini si homa ya manjano. Majina hayo huchanganywa barazani na hata kwenye foleni ya zahanati, kwa kuwa magonjwa yote mawili huweza kuyageuza macho yakawa ya njano. Homa ya manjano huenezwa na mbu. Homa ya ini aina ya B na C, ambazo ndizo zinazoua zaidi, hupita katika damu, na B huambukizwa pia kwa kujamiiana.

Ubaya wa virusi vya B ni ukimya wao. Mtu hulima ufuta, huvua, hulea wanawe miaka 20 au 30 bila maumivu, huku ini likikakamaa taratibu. Wengi hupata habari siku waliyojitokeza kuchangia damu, maana damu hiyo hupimwa kabla ya kutiwa mgonjwa. Tumbo likishajaa maji, daktari hubaki na machache ya kufanya. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na aina ya B na milioni 50 na C. Waliokufa mwaka huo ni milioni 1.3.

Umri wa kuambukizwa ndio huamua mengi. Kati ya watoto wachanga 100 wanaoambukizwa B, karibu 90 hubaki na virusi maisha yao yote. Kwa watu wazima hawafiki 5. Tanzania ilianza kuwachanja watoto mwaka 2002, na sasa chanjo hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ni kinga kubwa, wala haifai mtoto yeyote wa Tingi aikose. Lakini mama mwenye virusi huweza kumwambukiza mwanawe wakati wa kujifungua, wiki 6 kabla ya sindano ya kwanza. Ndiyo sababu shirika hilo linahimiza dozi ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na ndiyo sababu mjamzito hapaswi kutoka kliniki bila kupimwa.

Virusi vya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7. Wembe wa jando au wa chale uliofutwa kwa kitambaa bado ni hatari: kila mtoto na wembe wake. Kula sahani moja na kupeana mkono hakuambukizi. Kumtengea mgonjwa kikombe ni kumwonea bure.

Aina ya C haina chanjo, ila vidonge vya wiki 8 hadi 12 huiponya. Dawa za B huvituliza virusi tu, na mgonjwa akila mahindi au karanga zenye sumukuvu, hatari ya saratani ya ini huongezeka mno.

Ndugu wananchi wa Tingi, waliozaliwa kabla ya mwaka 2002 hawakuikuta chanjo ya B katika ratiba ya utotoni. Hao ndio watangulie kupimwa.