Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Imani ya Wananchi

Tarehe 1 Agosti, 2018, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imezuka Mangina, karibu na mji wa Beni, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni, 2020, ugonjwa huo ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Milipuko tisa iliyoutangulia nchini humo haikupata kuua watu wengi kiasi hicho, na la kustaajabisha ni kwamba safari hii chanjo ilikuwapo, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Kilichokosekana hakikuwa dawa.

Tangu Oktoba 2014, wakazi wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku kwa mapanga na waasi wa ADF. Walilalamika kwamba jeshi la nchi yao na askari wa Umoja wa Mataifa hufika wakati maiti zimekwisha poa. Kisha ikaja Ebola, na pamoja nayo ikaja misafara ya magari mapya, wataalamu wa kigeni, fedha nyingi na kodi za nyumba zilizopanda. Mwananchi aliyeomba msaada kwa miaka minne akauliza, na swali lake halikuwa la kijinga, kwa nini dunia imeona homa yake lakini haikuona mapanga.

Tena wengi wa waliotumwa kutoka Kinshasa walisema Kifaransa na Kilingala, ilhali watu wa Beni na Butembo, ambao wengi wao ni Wanande, husema Kinande na Kiswahili. Kilingala ndiyo lugha ya kambi za jeshi la Kongo tangu enzi za Wabelgiji. Daktari aliyebisha hodi kwa lugha hiyo alisikika kama askari, hata kabla mlango haujafunguliwa.

Mnamo Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Waliosema kwamba wakuu wa mahali pao wanajali maslahi ya wananchi hawakufika theluthi moja, na robo ya wote walisema kwamba Ebola haipo. Wasio na imani hiyo ndio hao hao waliosita kukubali chanjo.

Siku nne kabla ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba, 2018, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo zitapiga kura mwezi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais mpya alitakiwa kuapishwa Januari. Masoko na makanisa yalikuwa wazi. Ni masanduku ya kura tu yaliyodaiwa kuambukiza. Eneo hilo lilijulikana kuwa ngome ya wapinzani. Kesho yake waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha kuchunguzia wagonjwa, na baadhi ya wagonjwa wakakimbia. Lakini siku ya uchaguzi maelfu ya wakazi walijipangia kura yao wenyewe, isiyohesabiwa na mtu yeyote, na katika mistari hiyo watu walinawa mikono kabla ya kupiga kura. Hapana budi kuyatazama matendo hayo mawili pamoja. Watu hao hawakuwa wakiukataa usafi, walimkataa aliyewaamrisha.

Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Madaktari Wasio na Mipaka wakasimamisha kazi humo. Machi shirika hilo lilisema hadharani kwamba kutumia polisi na jeshi kuwalazimisha watu kunawafukuza wagonjwa wasije. Mwezi uliofuata, tarehe 19 Aprili, daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali mjini Butembo. Hapo ndipo ulipo ugumu wenyewe. Kamanda hawezi kulaumiwa kwa kuwapa madaktari ulinzi mahali wanapopigwa risasi. Lakini kila bunduki iliyosimama mlangoni pa mgonjwa ilithibitisha uvumi kwamba matibabu ni shughuli ya serikali.

Waliofanikiwa zaidi walikuwa watu wasio na sare, hususa wale waliopona. Hao waliweza kuwalea watoto wa wagonjwa vituoni na kuwaimbia kwa lugha yao, na jirani aliyemwona mtu amerudi hai hakuhitaji tangazo.

Juni 2019 ugonjwa ulivuka hadi wilaya ya Kasese, Uganda. Familia moja iliyotoka kuuguza na kuzika Kongo ilizuiwa mpakani, na baadhi yao wakaondoka na kupita njia ya vichochoro. Mtoto wa miaka mitano alifariki tarehe 11 Juni, kisha bibi yake. Uganda ilikuwa imekwisha wachanja wahudumu wake wa afya, na ugonjwa haukuenea zaidi. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni ni ndugu, na vijia vya mpaka huo huvijua tangu utoto wao.