Kuresoi: Historia na Jiografia ya Ukingo wa Mau



Wengi huijua Nakuru kwa ziwa, heroe na maua ya Naivasha. Leo nawaomba tugeukie kusini-magharibi, Kuresoi Kaskazini na Kuresoi Kusini, ambako kaunti hii inapakana na Kericho, Bomet na Narok. Ni nchi ya baridi, ukungu na mvua nyingi, nchi ya waru, kabichi, majani chai na ng'ombe wa maziwa. Hoja yangu ni moja. Mipaka ya huko juu imechorwa na kuchorwa tena na watu walioketi mbali, na kila ilipochorwa, Kuresoi iligeuzwa mahali pa kumalizia shida ya ardhi iliyoanzia kwingine. Sasa zamu imefika kwa maji.

Mau ni kama paa la nyumba: mvua ya upande mmoja humwagika Bonde la Ufa, ya upande wa pili huelekea Ziwa Viktoria. Mto Njoro, huu unaopita jirani na madarasa ya chuo chetu, huishia Ziwa Nakuru, ambalo halina mto unaotoka. Mto Molo huishia Ziwa Baringo. Itare nao huungana na wenzake, wakawa mto Sondu, wakaingia Ziwa Viktoria na kuuchangia mto Naili. Mto Mara huanzia kwenye kinamasi cha Enapuiyapui, katika msitu wa Kiptunga, kabla ya kushuka kwenda Narok na Serengeti. Mpaka wa kaunti haukufuata mgongo huu wa mlima. Kwa karatasi Kuresoi ni ya Nakuru, lakini maji yake mengi huwanywesha watu wa Kericho, Bomet na Nyanza.

Hata hizo karatasi zenyewe si za kale. Hadi Machi 1902 Mau yote ilikuwa Uganda. Reli ilipofika Kisumu, Desemba 1901, Waingereza waliona heri iwe chini ya utawala mmoja, na tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Mtoto aliyezaliwa Molo mwaka 1901 alizaliwa Uganda, akajifunza kutembea katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mama yake hakuwa amehama boma. Mwaka 1903 mlowezi Lord Delamere akapewa ekari 100,000 hapa Njoro. Mwaka uliofuata, kwa mkataba wa 1904, Wamaasai wakaondolewa kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru. Ardhi nzuri ya bondeni ilikuwa imepata wenyewe wapya, na waliokosa nafasi bondeni wakaanza kusukumwa kupanda juu.

Hapa sharti tukae Olenguruone, huko Kuresoi Kusini. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilianza kuwapeleka huko Wakikuyu iliowatoa Umaasaini, wengi wao wakiwa watu waliokwisha kupoteza ardhi ya wazazi wao. Waliikuta nchi ya baridi kali ambako mahindi hukawia kukomaa. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji, wakae kwa masharti na walime kama afisa wa kilimo alivyoamuru. Wao walishika kwamba Olenguruone ni fidia ya mashamba yao yaliyotwaliwa Kikuyuni, na mtu hapewi masharti juu ya fidia yake. Wakala kiapo cha umoja, na jambo lililokishangaza kizazi cha wakati ule ni kwamba waliokula si wanaume watu wazima peke yao: wanawake na watoto pia walikula. Tabitha Kanogo, katika utafiti wake juu ya maskwota, ameonyesha jinsi Olenguruone ilivyoitangulia Mau Mau. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, nyumba zimechomwa, mifugo imechukuliwa, na wengi wamepelekwa Yatta, kutoka baridi ya Mau hadi ukame wa Ukambani. Nasema wazi kwamba hilo lilikuwa dhuluma, na linastahili ukurasa wake katika kila kitabu cha historia cha shule ya msingi katika kaunti hii.

Lakini kabla ya wote hao walikuwapo Waogiek, wenye mizinga yao ya nyuki msituni. Tume ya Ardhi ya Kenya ya miaka ya 1930 ilipendekeza watawanywe miongoni mwa makabila mengine, kana kwamba hawakuwa watu wenye kwao. Nimewahi kusoma habari za mpaka wa Norway na Sweden uliokubaliwa mwaka 1751: mkataba ule uliambatanishwa na hati iliyowaruhusu Wasami kuvuka na mifugo yao kila msimu. Wafalme wale hawakuwa malaika, na Wasami waliteswa sana baadaye, ila angalau waliochora mstari waliuliza ni nani anaishi pande zote mbili. Waogiek walingoja hadi 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika jijini Arusha ilipotamka kwamba haki zao zilikiukwa, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85. Katikati ya hayo, mwaka 2001, zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki zilikatwa msituni.

Machafuko ya uchaguzi ya 1992 na ya 2007 na 2008 sitayasimulia kwa urefu. Wapo humu waliofiwa. Nitasema tu kwamba yalilipuka palepale ambapo barua za ugawaji na hatimiliki zilikuwa zimegongana kwa nusu karne.

Na sasa bwawa la Itare. Mradi ulianza mwaka 2017, Kuresoi, kwa nia ya kupitisha maji chini ya mlima, katika handaki la zaidi ya kilomita 14, yafike Molo, Njoro na mji wa Nakuru. Mwaka 2018 ulikwama. Wakazi wa Nakuru wana kiu ya kweli, nami ni mmoja wao. Hata hivyo handaki lile lingeyatoa maji upande wa Ziwa Viktoria na kuyaleta upande wa Bonde la Ufa, na wenzetu wa Kericho, Bomet na Nyanza walikuwa na haki ya kulalamika.

Kabla ya mashine kurudi, napendekeza kaunti zinazokunywa maji ya Mau zitie saini mkataba mmoja unaotaja mto baada ya mto na kiasi cha maji kitakachobaki humo wakati wa kiangazi. Wazee wa Kuresoi, Waogiek wakiwa wa kwanza, wawe na viti mezani na kura, si nafasi ya kutoa maoni tu. Idara yetu kwa upande wake itazinakili faili za Olenguruone zilizoko Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, izitafsiri kwa Kiswahili, Kikuyu na Kikalenjin, na kuziweka Keringet, hukohuko Kuresoi, ambako mtu yeyote ataweza kuingia na kuzisoma bila kuomba ruhusa.