Mvuke Ndani ya Kitambaa

Maneno ya Katibu kwa Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu, Mafinga



Tumetakiwa kusema juu ya kitambaa cha sare za watoto wetu, kwa kuwa alasiri hii mkutano utapiga kura kuchagua kimoja kati ya viwili vilivyoletwa na wauzaji. Kimoja ni rahisi. Cha pili kimezidi bei kidogo. Hapana mtu humu asiyependa cha rahisi. Lakini kabla ya kunyoosha mikono yatupasa tufahamu jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni kazi ya mvuke iliyofanywa, au isiyofanywa, kiwandani mwishoni mwa safari ya kitambaa.

Pamba inapofumwa, nyuzi za mtande hukazwa kwa nguvu ili mshindio upite. Kisha kitambaa huoshwa, hutiwa rangi na kukaushwa, na kila hatua hukivuta tena kwa urefu. Basi kikifika dukani kingali kimenyoshwa mithili ya kamba ya ng'ombe anayevuta kuelekea shamba la jirani. Siku kitakapotumbukizwa katika beseni, maji huzilegeza nyuzi, nazo hujikusanya. Ndipo akina mama husema nguo imerudi, na suruali ya mtoto huonekana juu ya kifundo cha mguu.

Hapana njia ya kuzuia kurudi huko. Iliyopo ni kukifanya kitambaa kirudi kingali kiwandani. Karibu na mwaka 1930 Mmarekani mmoja, Sanford Cluett, alibuni mtambo wa kazi hiyo. Kitambaa hupulizwa mvuke hadi kipate unyevu ulio sawa kila mahali, kisha hulazwa juu ya mkanda mnene wa mpira uliozunguka rola. Mkanda unapopinda, uso wake wa nje hutanuka. Unaponyooka, uso huo hujikusanya, na kitambaa kilichobanwa juu yake hujikusanya pamoja nao. Papo hapo hupelekwa kwenye pipa kubwa la chuma lenye mvuke ndani, kikashikiliwa na blanketi nzito mpaka kikauke katika hali hiyo. Nguo zilizopata alama ya Sanforized ziliahidiwa kutorudi zaidi ya asilimia 1.

Pengine mtauliza, kwa nini mvuke, wala si moto mtupu? Moto huunguza hapa na kuacha pale. Mvuke huenea sawasawa, tena una akiba kubwa: kilo moja ya mvuke ikigeuka kuwa maji hutoa joto zaidi ya mara 5 ya lile linalotakiwa kuchemsha kilo moja ya maji baridi kama barafu. Hapa kwetu, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka karibu nyuzi 94 tu, na maharage yetu yanajua hivyo. Boila halina shida hiyo, maana limefungwa, na mvuke uliobanwa hupita nyuzi 100 kwa urahisi. Wala si jambo geni wilayani Mufindi. Viwanda vya chai huchoma kuni za mikaratusi ili kupata mvuke wa kukaushia majani, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kazi mwaka 1985, hukausha karatasi juu ya mapipa ya mvuke yaliyo ndugu na yale ya viwanda vya nguo.

Sasa turudi kwenye fedha zetu. Tufanye mfano. Kitambaa rahisi kiwe shilingi 4,000 kwa mita, nacho kirudi asilimia 6. Mita 100 tulizolipia shilingi 400,000 zitabaki 94, na kila mita itakuwa imetugharimu shilingi 4,255. Kitambaa cha pili kiwe shilingi 4,200, kirudi asilimia 1: kila mita itatugharimu shilingi 4,242. Hapo hatujahesabu upana, wala ushonaji, ambao mzazi atalipa mara ya pili mwaka usijaisha.

Kwa kanga hatungesema hivi. Kanga haishonwi ikamfuata mtu mwili, na ikipungua kidole kimoja hapana anayelia. Sare ni jambo jingine.

Hatupendi mtu yeyote aamini maneno ya muuzaji, wala ya Katibu. Unene wa kitambaa pia usiwadanganye, kwa sababu wanga mwingi hukifanya kigumu mkononi, nao hutoka na maji ya kwanza. Kateni kipande, pigeni alama za uzi sentimeta 50 kwa 50, kifueni kama mfuavyo nyumbani, kianikeni kikiwa kimelazwa bila kuvutwa, halafu kipimeni. Kikisoma 47 na nusu, kimerudi asilimia 5.

Vipande vya vitambaa vyote viwili vilifuliwa juzi mbele ya wajumbe watatu wa Halmashauri, navyo viko juu ya meza ile karibu na mlango, pamoja na futi ya fundi. Majina ya wauzaji tumeyafunika kwa karatasi. Twawaomba kila mmoja apite na kupima kwa mkono wake kabla ya kengele ya saa tisa, ndipo kura ipigwe.