Kitumbua Kisichogeuzwa

Dominika ya 10 ya Mwaka A



Somo la kwanza la Dominika hii limetoka katika kitabu cha Nabii Hosea, sura ya 6. Humo Mungu anawajulisha watu wake kwamba sadaka isiyo na huruma ndani yake haimpendezi. Katika Injili, Bwana wetu analirudia fundisho hilo mbele ya Mafarisayo, walionung'unika walipomwona ameketi mezani pamoja na watoza ushuru. Ili tulielewe vema, naomba tusonge mbele kidogo katika kitabu cha Hosea. Katika sura ya 7, aya ya 8, nabii huyo anachukua mfano wa jikoni. Anaufananisha ukoo wa Efraimu, yaani ufalme wa kaskazini wa Israeli, na mkate ambao mpishi hakuugeuza.

Watu wa Hosea hawakuhitaji maelezo. Waliijua mikate ya mviringo, iliyookwa juu ya makaa au juu ya mawe yaliyopashwa moto. Mkate wa namna hiyo usipogeuzwa kwa wakati wake, upande wa chini huungua, na upande wa juu hubaki unga mbichi. Sisi nasi hatuhitaji maelezo mengi, maana tunavyo vitumbua.

Mpishi wa vitumbua huloweka mchele usiku kucha, akausaga pamoja na tui la nazi, akatia hamira, sukari na iliki, kisha akauacha uumuke. Hata kama wateja wamekwisha kufika, hana budi kungoja. Halafu hukiweka chuma cha vitumbua motoni, hutia mafuta kidogo katika kila kishimo, na kumimina rojo kwa upawa. Tangu hapo macho yake hayabanduki. Moto ukizidi, kitumbua huungua nje na ndani kikabaki kibichi. Akikigeuza mapema, hupasuka na rojo likamwagika. Akichelewa, kimekwisha kuungua. Basi hungoja hata kingo zikauke na vitundu vidogo vitokee juu, ndipo akigeuze kwa kijiti. Asipokigeuza, hawezi kukiuza, ijapokuwa mchele ulikuwa mzuri na nazi ilikuwa ya leo.

Ndugu wapendwa, Efraimu aliiva mno upande gani? Upande wa ibada. Huko Betheli na Gilgali sadaka zilitolewa kwa wingi. Lakini upande wa haki na huruma ulibaki mbichi. Hosea analaumu mfanyabiashara mwenye mizani ya udanganyifu. Katika jumba la kifalme, kati ya wafalme sita wa mwisho, wanne waliuawa na wale waliotwaa viti vyao. Nabii anaongeza jambo la kuhuzunisha kuliko yote: taifa hilo lilikuwa likiliwa nguvu zake, wala halikujua. Upande ulioungua hauonekani, kwa sababu uko chini. Mnamo mwaka 722 kabla ya Kristo, mji wa Samaria ulianguka mikononi mwa Waashuru.

Tusiishie Samaria. Katika mitaa yetu yupo mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko. Mtaji wake ni kilo chache za mchele, nazi, mafuta na mkaa. Kwa faida ndogo ya vitumbua hivyo, watoto wake husoma. Wateja wake wengi ni Wakristo wenzake wa jumuiya ndogo ndogo. Mmoja huchukua vitumbua vitano na kumwambia, "Mama, niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi unapofika, hupitia njia nyingine. Dominika mtu huyohuyo husimama mbele ya kanisa na kuahidi mchango mkubwa, akapigiwa makofi. Na yule mama, aliye katika benchi la nyuma, hupiga makofi pamoja na wengine, huku akijua kwamba kesho hana mchele wa kuloweka.

Wahenga wetu walipotaka kusema kwamba mtu ameharibiwa riziki yake, walisema ametiliwa mchanga katika kitumbua chake. Deni lisilolipwa ni mchanga. Sheria ya Musa iliamuru maskini apewe ujira wake kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake unautegemea. Mchango tunaoutoa kanisani kwa fedha ya mama huyo si sadaka yetu. Ni sadaka yake, tuliyoitoa kwa jina letu.

Tutafanyaje, basi? Kitumbua hakijigeuzi chenyewe. Mathayo naye hakujigeuza. Aliketi forodhani, Bwana akapita, akamwita, naye akasimama na kumfuata. Mungu hutugeuza katika sakramenti ya Kitubio, lakini anavyo na vijiti vingine. Mama anapobisha hodi mlangoni pako jioni, kwa haya, akiulizia fedha yake, usimwambie mtoto aseme kwamba baba hayupo. Mama huyo ni kijiti katika mkono wa Mungu. Amekuja kukugeuza kabla hujaungua.

Nanyi makatekista, mnaokaa karibu na jiko hili kila juma, jifunzeni subira ya mpishi huyo. Msimkemee mtu kabla hamjamfundisha. Wala msimwache aungue kwa sababu ni tajiri au ni mzee wa kanisa.

Bwana anatuagiza katika Injili ya Mathayo kwamba tukikumbuka, tukiwa mbele ya altare, kuwa ndugu ana neno juu yetu, tuiache sadaka pale, tukapatane naye kwanza. Basi kabla ya Dominika ijayo, kila mmoja wetu alitafute deni lake dogo, la vitumbua, la maziwa, la fundi au la mtumishi wa nyumbani, akalilipe.

Tuombe. Ee Bwana, utugeuze, nasi tutageuka. Utuivishe pande zote mbili, tuwe chakula chema kwa jirani zetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.